Sala Iliyoandikwa na Asiyeamini

Nyimbo za filamu ya Kihindi hutangulia filamu yenyewe. Mpenzi wa picha hizo hufika siku ya kuitazama akiwa tayari anaziimba, na anachongoja ni kuona zimewekwa wapi katika hadithi. Ndivyo nilivyozipokea nyimbo za Lagaan mwaka 2001, kwa kaseti iliyopita mikono mingi kabla ya kunifikia. Muziki ulikuwa wa A. R. Rahman, na sisi tuliomjua tangu Dil Se ya mwaka 1998 tulitegemea mdundo. Mdundo ulikuwepo. Lakini palikuwa pia na wimbo wa taratibu, O Paalanhaare, ambamo Lata Mangeshkar, aliyekuwa amepita miaka 70, anaongoza na wengine wanafuata. Sikujua Kihindi. Wengi wetu hatukujua. Tuliimba kwa kukisia, tukifurahi kila liliposikika neno la kufanana na letu, kama dunia au dua. Hata hivyo nilijua kwamba mama huyu anasali. Aliyekulia kanisani huitambua sala hata katika lugha asiyoijua.

Filamu ilipofika, nilikuta nimekisia sawa. Hadithi yake ni ya kijiji cha Champaner mwaka 1893, chini ya utawala wa Waingereza. Mvua imegoma na kodi haijapungua. Ofisa mmoja mwenye kiburi anawawekea wanakijiji dau: wakiwashinda Waingereza katika kriketi, mchezo wasioujua, watasamehewa kodi miaka mitatu, wakishindwa, watalipa mara tatu. Mwanzoni kabisa kuna wimbo wa Ghanan Ghanan. Wingu jeusi linatanda, kijiji kizima kinatoka nje kucheza, wazee kwa watoto. Kisha wingu linapita. Halijatoa hata tone. Mkulima wa Dodoma au Singida hahitaji tafsiri hapo. Sisi wahubiri tunalipenda sana lile wingu dogo la Eliya katika 1 Wafalme 18, na sijawahi kusikia mahubiri juu ya wingu lililopita, ingawa washarika wetu wameliona hilo mara nyingi zaidi.

O Paalanhaare unakuja usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya mchezo, hali ikiwa mbaya. Wanakijiji wamekusanyika, wanamwita Mungu kwa jina la Mlezi, yule anayelisha na kutunza, na kukiri kwamba zaidi yake hawana mtu. Basi. Hawamwelezi Mungu kanuni za kriketi.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa tayari nasoma theolojia, ndipo nilipojua wimbo ule ulitoka kwa nani. Rahman alizaliwa katika familia ya Kihindu mwaka 1967, akafiwa na baba akiwa na miaka tisa, na baadaye akawa Mwislamu pamoja na familia yake. Lata alikuwa Mhindu. Kuchanganyika huko si jambo geni katika sinema ya India; tangu Baiju Bawra ya mwaka 1952 wapo Waislamu watupu, mtunzi, mshairi na mwimbaji, waliotoa wimbo wa ibada ya Kihindu unaopendwa hadi leo. Kilichonikalisha chini ni mwandishi wa maneno. Ni Javed Akhtar, mtu anayesema wazi, mbele ya watu, kwamba hamwamini Mungu yeyote.

Mama mmoja, mzee wa kanisa, alipojua napenda nyimbo hizi aliniuliza, “Baba Mchungaji, hizo si nyimbo za miungu?” Lilikuwa swali la haki, naye sikumjibu kwa mzaha. Nilimwambia siuimbi madhabahuni, wala simfundishi mtu kwamba sala zote zinakwenda anwani moja. Lakini swali langu mimi lilikuwa jingine. Je, maneno ya sala yanaweza kumbeba anayeyasema, ikiwa aliyeyatoa hakuwa nayo moyoni?

Sisi Walutheri tuna jibu la upande mmoja. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ibara ya nane, linasema sakramenti haziharibiki kwa ubaya wa anayezihudumu, kwa sababu zimesimama juu ya neno na agizo la Kristo. Nalipenda jibu hilo, ila haliufikii wimbo wa filamu. Mlezi wa Champaner hajatoa agizo lolote kwa Javed Akhtar. Kilichompa maneno ni kazi yake, kijiji cha kubuniwa na pengine kumbukumbu za watu aliowaona wakisali. Alisikiliza wenye shida vizuri kuliko baadhi yetu tulio na joho.

Mwaka mmoja mwanafunzi wetu chuoni, aliyekuwa amemzika mdogo wake, alinijia siku ya Alhamisi. “Mwalimu, Jumapili ni zamu yangu kuongoza ibada. Nikisema tuombe, namwambia nani?” Nilimtajia ibara ya nane. Aliijua; alikuwa ameshaifanyia mtihani. Basi nikamsimulia habari za Lagaan.

Alisikiliza mpaka mwisho. “Huyo hakuamini, na watu wakalia?”

“Wakalia. Na mimi mmojawapo.”

“Lakini yeye aliandika akaenda zake nyumbani, Mwalimu. Mimi nitasimama pale wananitazama.”

Hapo alikuwa na haki, nami nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba kitabu cha ibada kiliandikwa kwa ajili ya Jumapili ya namna hiyo, na kwamba akitaka kubadilishana zamu, nitaongoza mimi. Hakutaka.

Jumapili nilikaa viti vya nyuma. Aliisoma sala ya kanisa bila kuinua macho, kwa sauti kavu, akiwataja wagonjwa, wafiwa na mvua. Kila alipotua usharika uliitikia, na bibi mmoja mbele yangu aliitikia kwa nguvu kuliko kwaya. Mara moja, baada ya kuwataja wafiwa, alitua muda mrefu kuliko ilivyoandikwa. Watu waliitikia, wakangoja, wakaitikia tena bila kuambiwa. Ndipo akaendelea.

Bado huja ofisini kwangu, na mazungumzo yale hatujayamaliza. Aliniomba nimrekodie wimbo ule, nikampa. Aliporudi alisema Lata anaimba vizuri, ila Ghanan Ghanan ndio unaosema kweli.