Insha Isiyo na Neno

Hebu niambie, msomaji mpenzi: mwanao aliye chuo kikuu akikuomba pesa za kukodi kompyuta ili "aandike" insha kwa kukata vipande vya filamu, utatoa? Usinijibu upesi. Mimi ni mhadhiri wa filamu, kazi hiyo ndiyo ninayoifundisha, na bado nilimwonea mtoto wa watu.

Zoezi lenyewe lilianzia chuo cha Middlebury, Marekani, ambako mwaka wa 2015 walimu wa filamu walianza kukutana kujifunza insha za video. Mwanafunzi huchagua filamu moja, akatoa humo vipande 10, kila kimoja sekunde 6 kamili, kisha akavipanga juu ya dakika moja ya sauti isiyokatizwa ya filamu iyo hiyo. Haongezi wala hapunguzi. Ni kama mshairi aliyefungwa na mizani.

Kijana wangu alichagua Nairobi Half Life, ile ya mwaka wa 2012 iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Picha zilimwonyesha Mwas jukwaani, akiigiza. Sauti ilikuwa ya siku aliyoingia Nairobi akaporwa. Niliitazama mara moja nikingoja maelezo. Wapi! Nikaandika 38, na kando yake, "hakuna hoja".

Wiki iliyofuata akabisha mlangoni. "Samahani mwalimu, naomba tuitazame pamoja."

Tuliitazama mara tatu. Ya tatu ndipo nilipoona: kelele za uporaji zikikutana na uso ule wa jukwaani, zinasema kwamba Mwas alifundishwa kuigiza na barabara za Nairobi kabla hajakanyaga ukumbi wa michezo. Hoja ilikuwapo tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nikiitafuta kwa masikio.

Alama nilizirekebisha. Lakini kijana alikuwa keshampigia mamake simu, na mama huyo, auzaye mboga ili karo ipatikane, alikuwa amemwamuru aache "kucheza sinema" na ahamie ualimu. Ikabidi nimpigie mwenyewe.

"Kwa hivyo mwalimu, aliyeanguka mtihani ni wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi, mama."

Siku hizi kila video huja na ukurasa mmoja wa maelezo, nami sishiki kalamu nyekundu kabla ya kuitazama mara tatu.