KABLA YA KUSAMBAZA, ULIZA



Leo alfajiri mvua imenyesha juu ya mabati, nikakumbuka jambo ambalo sijawahi kuwaungamia. Leo naungama.

Mnakumbuka Aprili 2024. Mathare watu walikuwa wamepoteza nyumba. Kisha alfajiri ya tarehe 29 maji yakashuka Mai Mahiu watu wakiwa wamelala, na zaidi ya 40 wakafa. Kila mtu alikuwa na hofu. Wiki hiyo, saa tano usiku, nikapokea ujumbe wa sauti: bwawa limepasuka, hameni sasa hivi! Sikujua sauti ni ya nani. Sikuuliza ni bwawa gani, wala ilirekodiwa lini. Nikautuma kwenye kundi la kanisa, nikaandika, "Ombeni, na mwondoke." Nikaona nimefanya kazi ya mchungaji.

Kuna shosho wa kanisa letu anayeishi juu, mahali palipo salama. Aliposikia, alichukua wajukuu wake wawili akatoka gizani. Njia yake inapita kwenye kidaraja cha mto. Kijana mmoja aliwakuta hapo maji yakiwa yamefika magotini, akawavuta nje. Na hakuna bwawa lililokuwa limepasuka.

Asubuhi aliniambia, "Pasta, nilitoka kwa sababu ni wewe umesema."

Nami nilifanya nini? Niliufuta ule ujumbe kimya kimya. Sikusema nimekosea. Niliogopa aibu.

Siwaambii muweke simu chini. Wiki hiyo hiyo ndugu mmoja wa vijana aliandika kwenye kundi lile lile: "Familia sita zimelala darasani, watoto ni tisa, hawana blanketi. Nimewaona mwenyewe saa mbili asubuhi." Akataja shule. Kufikia saa sita mchana blanketi zilikuwa zimefika. Jioni akaandika tena: "Blanketi zimetosha, sasa leteni maji ya kunywa." Simu ni ile ile na kundi ni lile lile. Tofauti ni kwamba yeye alienda akaona, mimi nilisikia nikatuma.

Soma Nehemia 2. Alipofika Yerusalemu hakuanza kutangaza. Alitoka usiku, akakagua kuta na malango yaliyoteketea, ndipo akawaambia watu wainuke wajenge. Aliona kwanza, akasema baadaye.

Mpendwa, mvua zitarudi. Kabla ya kusambaza, uliza: nani amesema? Ni wapi hasa? Ni lini? Kama hujui, mpigie mtu aliye pale. Mtu akiwa hatarini, usiishie kuandika "tuombe" peke yake. Piga 1199, namba ya Msalaba Mwekundu, haikatwi pesa. Picha ya aliyekufa usiitume, mama yake pia ana simu. Na ukikosea, rudi pale pale uliposemea, useme umekosea.

Kwa hiyo narudi. Shosho, nisamehe. Kanisa, nisamehe.

Tuombe: Baba, chunga vidole vyetu kama unavyochunga ndimi zetu. Utupe miguu ya kwenda kuona kabla ya kusema. Wafunike walio kando ya mito usiku wa leo. Katika jina la Yesu.

Kama umewahi kutuma usilolijua, andika Amina, tuanze upya pamoja. Mbarikiwe.