Mshipi Ufaao Katika Maji ya Rufiji

Wahenga wametuusia kwamba mchagua nazi hupata koroma. Usia huo ni mwema kwa mambo mengi, lakini, ndugu msomaji, usiende nao kuvua katika delta ya Rufiji. Huko, asiyechagua ndiye apataye koroma: hurudi nyumbani mikono mitupu, samaki amekwenda na ndoana, na kipande cha mshipi kimebaki kikining'inia kwenye mizizi ya mikoko.

Safari yenyewe si ndefu kwa mfanyakazi mwenye siku mbili za mapumziko. Basi litokalo Mbagala hufuata barabara ya Kilwa kupitia Mkuranga, na ufikapo Bungu, kabla ya mji wa Kibiti, njia huchepuka kushoto kuelekea Nyamisati, bandari wapandiapo wasafiri waendao Mafia. Hapo ndipo nchi kavu inapokwisha na delta kuanza. Mto Rufiji, uliokwisha kukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, hugawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Kati ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, ambao ni mkubwa kuliko wowote ulioungana pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Ukubwa wake ulitosha kuficha hata manowari: mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humo, na Waingereza hawakuweza kuimaliza hadi tarehe 11 Julai 1915.

YAJUE MAJI KWANZA

Kabla hujaulizia mshipi dukani, jiulize utautumbukiza katika maji ya namna gani. Maji ya delta hayatulii. Bahari huingia na kutoka mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mkondo hukimbia kwa nguvu kubwa. Siku za maji mafu kasi hiyo hupungua. Aidha, maji yamejaa tope la mto, kwa hiyo samaki hauoni mshipi kwa urahisi kama auonavyo kwenye miamba ya Mafia, ambako maji ni maangavu. Katika delta, adui yako mkuu ni mkondo.

Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Hudhani kwamba mshipi mnene ndio ulio salama. Ni kweli kwamba unene ukizidi mara mbili, nguvu ya mshipi huzidi karibu mara nne. Lakini mshipi huo hukamatwa na mkondo zaidi, hujipinda kama upinde, na chambo huinuka kutoka chini walipo samaki. Ili kuushusha yakupasa kuongeza chubwi, na chubwi likiwa zito mno, mkono hausikii tena samaki anapodonoa. Kwa hiyo chagua mshipi mwembamba kadiri samaki umtafutaye atakavyoruhusu. Wa nusu milimita hutosha kwa changu na hongwe wa kadiri. Wa milimita moja uweke kwa ajili ya chewa na kolekole wakubwa. Na kwa mzia, mwenye meno makali, funga kipande cha waya kati ya mshipi na ndoana.

Wako wavuvi duniani wanaofanya kinyume kabisa. Katika vijito vya baridi vya nyanda za juu za Kenya, ambako samaki aitwaye trauti aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, chambo ni kijinzi cha manyoya kisicho na uzito wowote. Kwa sababu hiyo mshipi wenyewe ndio hutengenezwa mzito, ili urushwapo ukichukue kijinzi hicho hadi mbali. Mvuvi wa huko huchagua mshipi wa kuelea au wa kuzama, mzito au mwepesi, kulingana na kijito chake. Njia ni mbili, lakini swali ni lile lile: ni nini kinachobeba uzito, na maji yatafanya nini?

KUKAGUA NA KUTUNZA

Zamani mishipi ilikuwa ya pamba, na wavuvi wa pwani waliloweka nyuzi zao katika maji ya gome la mkoko ili zisioze. Nailoni, iliyotangazwa Marekani mwaka 1938, haiozi. Lakini jua huila. Basi usinunue mshipi ulioanikwa dirishani mwa duka. Upitishe polepole kati ya vidole: ukikwaruza, au ukiwa umefifia kama uliopakwa chokaa, uache. Fundo ndiyo sehemu dhaifu kupita zote, kwa hiyo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Ukimaliza kuvua, usuuze mshipi kwa maji baridi na kuuzungusha kwenye kibao, kivulini.

Kamwe usiuzungushe mkononi. Samaki mkubwa akivuta ghafla, mshipi hukata nyama kama wembe, na hospitali iko mbali na visiwa vya delta. Watoto na waonywe pia juu ya miba mitatu ya hongwe, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, yenye sumu iumizayo vikali. Wala msikae ukingoni, kwani mamba na viboko ni wenyeji wa mto huo.

Kile kisichooza ni hatari kikipotea. Mshipi uliokatika hudumu miaka mingi majini, ukinasa ndege na kasa bila faida kwa yeyote. Ukinasa kwenye mizizi, sogeza mtumbwi uutoe. Ukishindikana, kata karibu na mizizi na urudi na kilichobaki.

Mwisho, ufikapo, jitambulishe kwa viongozi wa kijiji na wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi, ujue leseni itakiwayo na mahali paruhusiwapo. Kisha waulize wavuvi wenyeji. Wewe umekwenda kujiburudisha, lakini kwao mshipi ndio kitoweo cha leo na ada ya mtoto shuleni. Hawauchagui kwa kubahatisha. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, naye akikuonyesha mshipi wake, uguse, upime unene wake, na ununue uliofanana nao.