Mwizi Aliyeniomba Subira

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi amelipia kitu cha mnadani kupitia mtandao, tarehe ya kukipokea imepita, na muuzaji anamwambia avute subira. Namfahamu mtu huyo hata kama sijawahi kumwona. Najua anavyoamka usiku kuangalia simu. Najua anavyokwepa kuulizwa na ndugu, "Vipi, mzigo umefika?" Nilipita hapo, nikatoka, na nataka yeye naye atoke.

Mimi na mume wangu tunapika chakula cha shughuli hapa Dar es Salaam: harusi, maulidi, misiba, mahafali, vikao vya maofisini. Kazi ilikuwa imetukubali, ila usafiri ulikuwa unatumaliza. Kila shughuli ni kukodi gari la kubeba masufuria, majiko, meza na vyombo, na ukishamlipa mwenye gari unajikuta faida yote imebaki kwake. Tukaamua kuagiza Toyota HiAce kutoka Japani. Tulikuwa na akiba yetu, na nyongeza nilikopa kwenye kikoba cha akina mama ninachochangia. Fedha ya kikoba ina uzito wake. Ndani yake kuna hisa ya muuza mboga, hisa ya mjane na ada za watoto wa watu.

Kwa asiyejua biashara hii, magari mengi yaliyotumika yanayotembea katika barabara zetu yameanzia kwenye minada ya Japani. Huko kuna viwanja vikubwa vya mnada, kama ule wa USS Tokyo ulioko Noda, katika mkoa wa Chiba, ambako maelfu ya magari huuzwa kila Alhamisi. Mtu wa kawaida haruhusiwi kutoa dau mle ndani. Wanaoruhusiwa ni wanachama. Kwa hiyo mnunuzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala humtumia muuzaji wa Japani amshindanie mnadani, na uthibitisho wa kwanza anaoupata ni karatasi ya mnada. Humo huandikwa namba ya chesisi, kilomita, na daraja la ubora, mathalani 3.5 au 4. Gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa huwekewa alama ya R. Ni mfumo mzuri na umewasaidia watu wengi sana. Lakini mnunuzi yuko bara moja na gari liko bara jingine, na kati yao wanaofunga safari ni fedha na maneno tu.

Muuzaji wetu tulielekezwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara. Kampuni ilikuwa na jina la kuheshimika, tovuti, picha za yadi na mwakilishi aliyeandika Kiswahili safi. Alinisalimia kila asubuhi na kuniita dada. Alinitumia karatasi ya mnada, kisha profoma invoisi yenye muhuri. Makubaliano yalikuwa tulipe sehemu kubwa mwanzoni, na salio tulipe tukishaona nakala ya BL, ile hati ya kusafirishia mzigo melini. Huo ni utaratibu wa kawaida kwa waagizaji wengi. Tukalipa benki kwa TT, yaani kutuma fedha kutoka benki hadi benki.

Baada ya hapo ndipo zilipoanza sababu. Meli zimejaa. Nafasi imepatikana, ila ukaguzi umechelewa. Ukaguzi umepita, ila dhoruba imefunga bandari. Na kila sababu ilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, maana meli za magari kweli hujaa na dhoruba kweli hufunga bandari. Kila mara aliongeza sauti ya upole: "Dada yangu, subira huvuta heri." Sisi tumelelewa kwa methali hiyo. Bibi zetu walitutuliza nayo na mashehe na wachungaji wanatuhimiza nayo. Yule mtu aliijua thamani yake kwetu, ndiyo maana akaitumia.

Nyumbani mambo yakawa magumu. Tulikuwa tumeshapokea malipo ya awali ya shughuli kadhaa tukitegemea gari. Mume wangu, ambaye ni mtu wa maneno mengi, akawa anakula na kuondoka mezani kimya. Marejesho ya kikoba yalipofika nilianza kuuza vyombo vyangu vya akiba ili nisionekane nimekwama. Nilisali, na sioni haya kusema kwamba kuna usiku nilisali nikiwa na hasira.

Kisha nakala ya BL ikaja. Ilikuwa na jina la meli, namba, tarehe ya kupakia, kila kitu. Ilikuwa Ijumaa, mwanzoni mwa mwezi wa tano. Tukatuma salio mchana ule ule kama tulivyokubaliana, na nakala ya BL nikaipeleka kwa wakala wa forodha ili aanze maandalizi ya kulitoa gari bandarini.

Jumatatu asubuhi wakala akanipigia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, hii BL nimeipeleka kwa wakala wa meli. Namba hii haipo kwao. Na hiyo meli iliyoandikwa, safari hii haiji Dar. Mmeshamaliza kulipa?"

"Tumemaliza Ijumaa."

"Basi usinisikilize zaidi. Kimbia benki sasa hivi. Usimwambie kitu yule muuzaji."

Kijana yule sina cha kumlipa. Maneno yake mafupi yaliokoa kile kilichookolewa.

Benki nilipokelewa na dada mmoja mtulivu ambaye hakunilaumu hata kwa jicho. Akaniuliza maswali ya kazi: umetuma lini, kiasi gani, nakala ya Swift iko wapi, una RB ya polisi? Mume wangu akaenda kituoni kufungua taarifa na kuchukua RB, namba ya kumbukumbu yake, mimi nikabaki nikiandika barua ya kuomba muamala urudishwe. Yule dada akanieleza jambo ambalo nataka kila msomaji alishike. Dola zinazotoka Tanzania kwenda Japani haziendi moja kwa moja. Hupitia benki ya kati, mara nyingi New York. Zikiwa bado njiani, zinaweza kuzuiwa. Zikishaingia kwenye akaunti ya mpokeaji, benki ya kule kwa kawaida haiwezi kuzitoa bila ridhaa yake au amri ya vyombo vya sheria. Akaangalia kalenda, uso wake ukabadilika. Japani ina sikukuu zinazokaribiana sana wakati huo: tarehe 29 Aprili, kisha 3, 4 na 5 Mei, na moja ikiangukia Jumapili huongezwa siku nyingine ya mapumziko. Benki za kule zilikuwa zimefungwa. "Mama, fedha ya Ijumaa inaweza kuwa haijaingia," akasema. "Ya kwanza siwezi kukuahidi."

Ikawa kama alivyosema. Salio lilikamatwa kabla halijamfikia mpokeaji, na baada ya majuma ya barua na simu likarudi, likiwa limepungua kwa makato ya benki. Fedha ya kwanza ilikuwa imeshaingia na kutolewa zamani, wakati ule sisi tukiambiwa habari za dhoruba. Haijarudi mpaka leo.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya yule mtu. Fedha aliichukua siku moja. Miezi yote iliyobaki, salamu za asubuhi, methali na picha za meli zilikuwa na lengo moja: tuendelee kukaa mpaka mlango wa kuidai ufungwe. Alichokiita subira kilikuwa muda wetu, nao alituibia vilevile.

Wakati benki inashughulika, askari aliyepokea taarifa yetu alitushauri tuendelee kumjibu muuzaji kama kawaida, ili asishtuke, na tusifute ujumbe hata mmoja. Tulichapisha mazungumzo yote. Nikatafuta mawasiliano ya kampuni ile kwa njia nyingine, nikawaandikia. Kampuni ipo kweli, na ni ya watu waaminifu. Jina lake lilikuwa limeibwa kama sisi tulivyoibiwa. Tovuti tuliyokuwa tunaiona ilikuwa ya bandia, na kwenye akaunti ya benki jina liliongezewa neno moja. Walituandikia kwa huzuni na heshima, wakachukua vielelezo vyetu wakavipeleka kwa polisi wa kwao.

Lililokuwa gumu kuliko yote lilikuwa kikao cha kikoba. Nilisimama mbele ya akina mama wenzangu nikaeleza tangu mwanzo hadi mwisho, nikataja kundi, nikaonyesha ile akaunti. Kimya kikatanda. Kisha mama mmoja akaomba simu yangu, akasoma, akatoka nje kupiga simu. Mkwe wake alikuwa anajiandaa kulipa kwenye akaunti ile ile wiki hiyo. Mwenyekiti wetu akasema, "Mwenzetu ameibiwa, hajatuibia," na wakanipangia upya marejesho, kidogo kidogo, bila kunifuta uanachama. Namshukuru Mungu kwa ajili ya wanawake wale. Kama ningenyamaza ili nilinde heshima yangu, yule mkwe angelipa.

Sasa nakuambia wewe uliye katikati ya jambo hili.

Tarehe ya kupokea ikipita, muulize muuzaji kwa maandishi na umpe siku ya mwisho, ya karibu. Jibu la kweli huja na kitu cha kuhakiki kwa mtu mwingine: namba ya BL, jina la meli, namba ya kifurushi. Lihakiki kwa huyo mwingine, si kwake. Kama ni gari, muulize wakala wa meli kabla hujalipa salio. Kampuni ya Japani iliyosajiliwa ina namba ya usajili yenye tarakimu 13, na tangu 2015 namba hizo zinaonekana wazi kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi ya kule. Muuza vitu vilivyotumika lazima pia awe na leseni ya mkoa wake. Chama cha wauzaji nje wa magari yaliyotumika, JUMVEA, nacho kina orodha ya wanachama wake. Anwani na simu zichukue huko, usichukue kwenye ujumbe aliokutumia yeye.

Ukiona uongo, anza na benki siku hiyo hiyo, kisha polisi, na omba RB. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na udanganyifu wa namna hii umo ndani yake. Usikubali kuambiwa kwamba ni ugomvi wa biashara tu. Kama umetapeliwa kwa ujumbe wa simu, namba ya tapeli ipeleke 15040.

Kama ulinunua kwenye soko la mnada la kimataifa, jua kwamba kila mlango una muda wake. Kwenye eBay mnunuzi ana siku 30 tangu tarehe ya mwisho ya makadirio ya kufika mzigo kudai kwamba haukufika. Aliyelipa kwa PayPal ana siku 180 tangu alipolipa. Aliyelipa kwa kadi anaweza kuiomba benki yake ipinge malipo, nayo pia ina ukomo. Muuzaji anayekusihi usifungue malalamiko, au anayekuomba uyafunge "kwanza" halafu atume mzigo, anakupeleka nje ya siku hizo. Mwaminifu hatadhurika ukifungua: akileta mzigo, dai linafungwa.

Na usilipe fedha ya pili ili kuikomboa ya kwanza. Baada yetu kutoa taarifa alitokea mtu mwingine, akajiita wakili wa kurudisha fedha zilizoibiwa mtandaoni, akitaka ada kabla ya kazi. Tulimpeleka kwa askari yule yule.

Sisi tumevuka. Kwa fedha iliyorudi tulinunua kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kwenye yadi hapa hapa mjini, tukakiwasha, tukakiendesha na fundi wetu akakikagua kabla ya kulipa. Si HiAce, lakini masufuria yanaingia, na marejesho ya kikoba nimeyamaliza. Fedha ya kwanza bado naidai. Taarifa iko polisi na sijaifunga.

Subira ni ibada, na sijaiacha. Niliihitaji sana nilipokuwa nangoja barua za benki na nilipokuwa nalipa deni kidogo kidogo. Lakini subira ni ya mtu aliyekwisha kufanya lililo juu yake. Kama leo muuzaji amekuambia ungoje mpaka Ijumaa, chukua risiti zako, chapisha ujumbe wake, uende benki leo. Ijumaa ikifika na mzigo ukaja, mshukuru Mungu na uwaombe benki wafunge dai. Usipokuja, utakuwa umeshafika mlangoni kabla haujafungwa.