Rili Nyekundu ya Marehemu Baba

Habari ya wiki hii nimeona haya kuiandika kwa muda mrefu, kwa sababu mkosaji ndani yake ni mimi mwenyewe, na kosa lenyewe limo katika elimu ile ile ninayoisomesha.

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa nahodha wa boti za kuvulia wageni pale kwetu Malindi. Kazi hiyo ina umri mkubwa katika mji wetu; hata yule mwandishi Mmarekani, Ernest Hemingway, alivua katika bahari yetu mwaka 1934. Baba alizijua rili kubwa za kuvutia sulisuli na jodari kama sisi tulivyozijua juzuu zetu chuoni. Lakini aliyoipenda haikuwa ya boti. Ilikuwa rili ndogo ya kuenea kiganjani, nyekundu kama komamanga, ambayo mgeni mmoja alimpa mwisho wa msimu kuwa ndiyo bakhshishi yake. Ubavuni imeandikwa ABU Ambassadeur 5000.

Kwa wasiojua mambo haya, rili ya namna hii hukaa juu ya fimbo, si chini yake, na mshipi umezungushwa juu ya bobini ambayo hulala kukingama kama bobini ya cherehani. Mvuvi akirusha chambo, chambo huvuta mshipi na bobini huzunguka yenyewe kwa kasi. Hapo ndipo penye ustadi wote. Bobini ikikimbia kuliko chambo, mshipi hujivuruga ukawa kama kichwa cha mtoto ambacho hakijapata kuchanwa tangu Idi iliyopita. Waliounda rili hii waliliona jambo hilo, wakatia ubavuni mwa bobini vijipande viwili vidogo mno, ambavyo bobini ikienda mbio hutupwa nje na kusugua ukingo, basi ikapunguza mwendo. Hata hivyo kazi kubwa hubaki kwa kidole gumba cha mvuvi, kinachogusa mshipi kwa wepesi wakati chambo kimo angani.

Baba alikuwa akienda nayo kwa miguu hadi mlango wa mto Sabaki, akirusha pale ambapo maji mekundu ya mto yanakutana na maji ya chumvi, kwa kuwa kolekole hupenda kuwinda mpakani hapo. Aliyefuatana naye mara nyingi hakuwa mimi. Mimi nilikuwa chuoni. Alikuwa dada yangu mkubwa, wakati huo bado binti mdogo.

Baba alifariki mwaka 1998, na mama akamfuata mwaka 2009. Tuliigawa nyumba, tukagawa minazi, tukagawa hata mitungi ya mama. Rili ilikuwa kwangu ndani ya kopo la Kimbo, ikabaki kwangu. Hakuna aliyeitaja, nami sikuitaja. Miaka yote hiyo nimekuwa nikisomesha faraidhi, nikiwaambia vijana kwamba tarika ni kila alichokiacha maiti, hata sindano.

Mwaka juzi mgeni mmoja mkusanyaji wa rili kuukuu alipita Malindi, akaonyeshwa picha yake, akasema atatoa shilingi 15,000. Alikuwa arudi baada ya wiki mbili. Nami, kwa kutaka kuipendezesha mbele ya macho yake, nikanunua msasa.

Laiti ningeuliza! Wekundu wa rili ile haukupakwa kwa brashi. Ni rangi iliyoingizwa katika ngozi ya alumini kiwandani kwa dawa na umeme, na ngozi hiyo ni nyembamba. Niliposugua kutu nyeupe ya chumvi, wekundu nao ukaenda, bamba moja likabaki limeparuzwaparuzwa kama sufuria la jikoni. Kisha nikafungua skrubu za ubavu wa pili bila kutandika kitambaa chini, na springi moja, ndogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga, ikaruka ikapotelea mchangani. Niliipepeta ile ua kwa chekeche la unga hadi adhana ya magharibi. Sikuipata. Mgeni aliporudi, aliitazama, akatikisa kichwa, akasema sasa thamani yake ni 4,000, ya vipuri tu. Nikakataa kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyeshika msasa.

Dada yangu ameolewa Kitui tangu miaka mingi; shemeji yangu ni mfanyabiashara wa nafaka mjini pale, na watoto wao wanaongea Kikamba na Kiswahili cha Malindi katika sentensi moja. Kijana wao wa mwisho ameshikwa na wazimu wa kuvua. Kwa hivyo likizo ya Aprili mwaka jana nikaitia rili ndani ya kopo lake nikapanda basi. Tulishuka njia kuu ya Mombasa pale Kibwezi, katika Makueni, tukashika barabara ya Mutomo inayokwenda Kitui. Njiani unavuka mto Athi. Mvua zilikuwa zimenyesha, na maji yalikuwa yale yale mekundu niliyoyajua tangu utotoni, kwani Athi ukisha kukutana na Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Udongo wa Makueni na Kitui ndio unaoipaka bahari yetu rangi kila msimu wa mvua. Nililijua jambo hili kwa kulisoma, lakini kuliona kutoka dirisha la basi, na kopo la baba mapajani, ni jambo jingine.

Dada aliifungua rili kabla sijamaliza chai. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Alama ya Baba iko wapi?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikakumbuka kwamba palikuwa na mkwaruzo juu ya lile bamba, ambao nilidhani ni mkwaruzo tu.

"Aliichora ‘ain kwa ncha ya msumari," akasema, "herufi ya jina lake. Mimi ndiye niliyemshikia taa."

"Dada, nimeisugua."

"Umeisugua." Akaiweka juu ya meza polepole. "Shehe mzima! Watu wa mji mzima wanakuja kwako wagawiwe mirathi. Hii nayo uliigawa lini? Humu si mlikuwa na fungu langu?"

Shemeji yangu, mtu mwenye busara, akainuka akaenda kuangalia duka.

Usiku ule nilipiga hesabu kama ninavyowapigia wengine. Baba alimwacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mama thumni, yaani mafungu 5 katika 40, kila mwana wa kiume 14, binti 7. Kisha mama naye akafa kabla ya mali hii kugawiwa, na hapo inaingia munasakha: fungu lake linarudi kwa wale wale watatu, mbili mbili kwa moja. Mwisho wa hesabu, mimi humus mbili, ndugu yangu mdogo humus mbili, dada humus moja. Niliyoiharibu ilikuwa mali ya shirika, na nilishika msasa bila idhini ya washirika. Kutoka 15,000 hadi 4,000 hasara ni 11,000. Langu ni langu, nimejidhulumu. Lakini nilikuwa na deni la 4,400 kwa ndugu yangu na 2,200 kwa dada.

Nilimpigia simu ndugu yangu Mombasa. Akacheka, akasamehe kabla sijamaliza kusema, akauliza kama rili inaweza kutengenezeka. Dada hakusamehe. Alisema, "Wewe nilipe." Nikamtumia kwa M-Pesa hali tumekaa chumba kimoja, naye akasubiri ujumbe uingie, akausoma, ndipo akaniambia nile.

Asubuhi alinipeleka kwa fundi saa mmoja mzee, mwenye meza ndogo barazani mjini Kitui. Wakamba wana sifa ya zamani ya kusokota minyororo myembamba ya shaba na chuma, na nilipoiona mikono yake nikasema moyoni kwamba sifa ile haijafa. Hakuwahi kufungua rili maishani mwake. Aliitia lenzi jichoni, akaitazama kitambo, akasema, "Sheikh, hii ni saa iliyokosa mishale."

Nikamwambia kwamba hakukosea. Kiwanda cha ABU, katika mji mdogo wa Svängsta kule Uswidi, kilianza mwaka 1921 kikitengeneza saa, na baadaye mita za teksi. Vita vilipowafungia biashara ndipo wakageukia rili, ya kwanza ikatoka mwaka 1941, na hii nyekundu ikaanza mwaka 1952. Mzee alifurahi mno, akamwita fundi viatu wa jirani aje aisikie habari hiyo.

Alichukua trei ya mayai, akawa anatia kila kipande katika shimo lake kwa mpango wa kukifungua, tangu mkono wa kuzungushia hadi skrubu ya mwisho. Hapo nikajifunza ambalo lingeniokoa Malindi. Akasafisha gia za shaba kwa mafuta ya taa na mswaki, akachokonoa kwa kijiti cha meno mitaro inayopishana ya ule mhimili unaompeleka mwelekezaji wa mshipi kulia na kushoto. Ulimi mdogo unaotembea ndani ya mitaro hiyo ulikuwa umelika lakini unafaa. Springi iliyopotea aliikata kutoka utepe wa chuma wa saa ya ukutani iliyokufa, akaikunja mara tatu hadi ikakubali.

Lililobaki lilikuwa kubwa zaidi. Matundu ya shaba ambamo ncha za bobini huzunguka yalikuwa yamelika, na duara limekuwa yai. Mpwa wangu alijua dawa yake: wavuvi wa leo hutoa shaba hiyo wakatia beringi ndogo, kiasi cha kifungo cha shati, na katika breki hutoa zile washa za zamani wakatia za kaboni, ambazo huachia mshipi kwa ulaini samaki akivuta, bila kushikashika. Ndugu yangu aliahidi kuagiza vyote kwa intaneti na kuvituma kwa basi.

Lakini safari hii nilimgeukia dada kwanza. Alifikiri, kisha akasema, "Beringi zitiwe. Baba angezitia lau angezipata."

Fundi akainua kwa kibano kimoja cha vile vijipande viwili vya kupunguza mwendo. Kilikuwa cheupe, tofauti na mwenzake. Akasema hiki si cha kiwandani, na akauliza kama akitupe.

Dada akakichukua kiganjani. "Hiki ni mswaki," akasema. "Cha kwanza kilipotea, Baba akakata mpini wa mswaki wake, akakichonga kwa kisu baraza yote ya jioni. Mama akamgombeza kwa mswaki." Akamrudishia fundi. Yule mzee akavipima viwili hivyo kwenye mizani yake ya dhahabu, kwa sababu visipolingana bobini hutetemeka. Akanyoa cheupe kwa wembe kiasi cha vumbi, akakirudisha mahali pake.

Nikamwomba jambo la mwisho, kwamba apake bamba rangi nyekundu na kuchora ile ‘ain upya, nilikuwa nimeiandika vizuri kwenye karatasi. Mzee aliitazama karatasi, kisha akamtazama dada. "Ile ilikuwa ya mkono wa mwenyewe," akasema. "Nikichora mimi, ni yangu." Dada hakusema neno, na bamba likabaki jeupe vile vile. Linaniuma kila nikiliona.

Vipuri vilipofika, kazi ilichukua alasiri moja. Bobini ikisukumwa kwa kidole ilizunguka muda mrefu kiasi cha kunifanya nisahau kwamba inazunguka. Dada alinunua mshipi mpya wa kusokotwa kwa zile 2,200 zake, akasema huo ni wake peke yake na usiingizwe katika hesabu zangu.

Jumamosi tulikwenda sote Athi, tukasimama juu ya mwamba mbali na ukingo, maana mto ule una mamba na wenyeji walituonya mara mbili. Humo mna kambale, na mna mkunga wa maji baridi, ambaye huzaliwa baharini na kuupanda mto hadi huku bara. Nikarusha wa kwanza, kwa haki ya umri. Beringi mpya ni nzuri, lakini nzuri yake ndiyo hatari yake: bobini ilikimbia mbele ya chambo, na kabla sijatamka bismillahi ya pili mshipi wote ulikuwa fundo. Tulifundua kwa nusu saa. Mpwa wangu akarusha, fundo la pili.

Dada akaweka mkoba chini, akakunja mkono wa buibui, akaichukua fimbo. Ana miaka sitini na mbili, na tangu aolewe hakuwahi kuishika. Akajaribu uzito wa chambo mara mbili, akazungusha bega. Bobini ikalia mlio mmoja mwembamba, nikakiona kidole gumba chake kinagusa, kinaachia, kinagusa, na chambo kikaangukia kando ya jiwe la ng'ambo, na bobini ikasimama papo hapo kilipogusa maji.

"Kidole," akasema bila kugeuka. "Siku zote alikuwa akisema kidole. Wewe ulikuwa chuoni."