Kulala Karibu na Miti

Baba alipanda gari moshi Urambo akiwa na mambo mawili kichwani: jicho na bustani. Jicho lilikuwa na miadi siku ya Alhamisi. Bustani haikuwa na miadi na mtu, labda ndiyo maana aliitaja mara tatu kwenye simu kabla hajafika Tabora.

"Nataka niione kabla hawajanipasua," alisema. "Wakikosea, nitakuwa nimeshaiona."

Kwa miaka mingi alisimamia kitalu cha miche cha chama cha msingi. Anayeijua Urambo anajua kwa nini chama cha tumbaku kinahitaji kitalu cha miti: tumbaku yetu hukaushwa kwa moto, na mabani hula kuni kama vile hayajawahi kushiba. Mininga niliyoikuta utotoni nyuma ya shule sasa haipo. Mkulima anaambiwa apande miti, na miche hiyo aliiotesha baba. Bwana misitu mmoja ndiye aliyemwambia kuwa Dar es Salaam, katikati ya mji, kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribia mazao ya biashara. Hakuisahau.

Sasa, alale wapi? Mimi napanga chumba kimoja Tegeta, kwa hiyo mimi nitoe. Jibu lilikuwa Kimara, kwa baba mdogo, na halikuwa hata swali. Chumba kilishafagiliwa, mama mdogo alishanunua samaki. Kwetu mtu haji mjini kumwona daktari akalala kwa watu baki wakati mdogo wake ana nyumba.

Tatizo lilikuwa mwanga. Mtoto wa jicho alikuwa amemfikisha baba mahali ambapo jua likishapanda, kila kitu kinakuwa cheupe, "kama natazama ndani ya maziwa," anasema. Saa zake nzuri ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi kama saa mbili na nusu. Baada ya hapo anavuta kofia chini na kutembea kwa kusikiliza. Na wewe unaijua Kimara asubuhi. Mwendokasi unafika hadi Kivukoni, ni kweli, lakini kwanza kuna foleni, halafu kusukumana mlangoni, halafu kusimama kwa mguu mmoja mpaka Magomeni. Mzee wa miaka sabini na mbili angefika bustanini saa tatu, akiwa amechoka na haoni.

Nikaanza kutafuta mjini. Kariakoo kuna gesti za bei rahisi, ila nyingine muziki hauzimwi, na nilipotamka neno lenyewe baba alikata simu kidogo. "Gesti? Mimi?" Urambo gesti ni mahali ambapo ukitoka asubuhi hakuna anayekuamkia, kila mtu anatazama pembeni. Hoteli za upande wa baharini zilikuwa karibu kabisa na bustani na mbali kabisa na mshahara wa mwandishi wa habari. Nikaishia kwenye lojingi moja Kisutu, shilingi 35,000, vitanda viwili. Niliikagua mwenyewe. Nikajifunza kuuliza mambo ambayo tangazo halisemi: ngazi zina pa kushikia? Jenereta liko chini ya dirisha lipi? Na kutoka mlangoni hadi kwenye miti, mzee atavuka barabara ngapi?

Kisha nikampigia baba mdogo. Kimya kirefu.

"Kwa hiyo kwangu hapafai."

Nikaeleza habari ya mwanga, foleni, jicho. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama nimelipima jumba lake nikaliona dogo. Kuna maneno ambayo yakishatoka hayarudi kwa maelezo.

Baba ndiye aliyeokoa. Alifikia Kimara, akala samaki, akalala siku mbili, na usiku wa pili akaanza habari za wapagazi. Babu zetu Wanyamwezi walipobeba pembe kwenda Bagamoyo, alisema, hawakulala kwa ndugu kila siku. Walilala penye maji na kivuli, ili kesho waamke karibu na safari.

"Na walikuwa wanalala peke yao?" akauliza baba mdogo.

"Hapana."

Kesho yake jioni baba mdogo alikuja Kisutu na begi lake. Vitanda vikawa viwili kwa ndugu wawili. Mimi nikarudi Tegeta.

Asubuhi nikawakuta wameshavaa. "Mwangaluka," baba akanisalimia kwa sauti, mapokezi wakageuka. Tukatembea taratibu hadi Mtaa wa Shaaban Robert, ambako Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kumkumbuka Mfalme George wa Tano, yamekaa jirani na miti.

Sitadanganya: bustani ni ndogo. Mtu aliyetoka kwenye miombo anaimaliza kabla hajatokwa jasho. "Ndiyo hii?" baba aliuliza, na mimi nikahesabu kimoyomoyo ile elfu thelathini na tano, pamoja na lile jeraha la Kimara.

Lakini alianza kugusa. Aliweka kiganja kwenye gome, akasogea, akainama kwenye mizizi. Nikamweleza habari za mnazi wa Shelisheli, ambao mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu zote duniani, inaweza kupita kilo 15. Akauliza inaoteshwaje kwenye kiriba cha kawaida. Nikamkumbusha kazi ya mahali hapa mwaka 1893: kuotesha, kupima, kuona zao lipi litalipa, kisha kulipeleka kwa wakulima.

Akanyamaza. "Kumbe ni kitalu," alisema.

Ya kwetu yalikuja baadaye, kwa mkono mwingine. Waingereza walileta mradi wa karanga hadi Urambo, ukafa mwaka 1951, ndipo mashamba yakageukia tumbaku. Baba alikuwa bado hajazaliwa. Lakini maisha yake yote ameotesha miti ili ikaushe jani lililochaguliwa na watu wengine, na sijui alikuwa anafikiria hilo au alikuwa anafikiria kiriba. Sikumuuliza.

Saa mbili na nusu jua lilipenya kati ya majani, naye akavuta kofia chini. Baba mdogo akamshika kiwiko, akaanza kumsimulia anachokiona. Huyu ni mtu aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote, na kwake kila mti ni mwarobaini.

"Huu hapa mwarobaini mwingine, mkubwa."

Baba akanyoosha mkono, akapapasa gome.

"Siyo," akasema. "Twende unaofuata."