Hesabu za shule, hesabu za tajiri

Wadau, Jumamosi nilishinda gereji Mabatini na mdogo wangu. Anaendesha bodaboda ya mkataba, Mchina wa cc 125, na kilima cha Bugando kinamtesa akiwa na abiria. Fundi akashauri pistoni ya milimita 62 badala ya 56.5, halafu kichwa cha silinda kikwanguliwe.

Nikanunua bomba la sindano duka la dawa. Pistoni ikiwa juu kabisa, valvu zimefunga, nikajaza oili kwenye tundu la plagi: cc 15.5. Silinda yenyewe ni cc 124. Jumlisha, gawanya kwa 15.5: mgandamizo ni 9 kwa 1. Pistoni kubwa inaleta cc 149, na chumba kikibaki kilekile tayari tuko 10.6. Ukikwangua cc 2, unapita 12!

“Mwandishi, hizo hesabu za shule,” fundi akacheka.

Sawa. Lakini injini inayopozwa kwa upepo tu, kwa petroli hii yetu, ingegonga mlimani mpaka pistoni itoboke. Na mkataba umebakiza miezi saba, pikipiki bado ni ya tajiri.

Tukabadilisha sproketi ya nyuma tu, tukaweka yenye meno mengi zaidi. Barabara ya Airport sasa kila mtu anampita. Bugando anapanda, na jioni hesabu ya tajiri inatimia.